Mbali na Nani?

Mwongoza watalii wa Arusha, mhudumu wa mapokezi wa Nungwi na mwandishi anayetafsiri taarifa za mashirika ya habari ya nje wanakutana kila siku na maneno ya Kiingereza yaliyokwisha kufungwa mawili mawili. Kijiji hakiji peke yake, kinakuja na "remote". Ufukwe ni "untouched" au "unspoilt", haujaguswa, haujaharibiwa. Soko ni "bustling", mji mdogo ni "dusty", kisiwa ni "far-flung", mandhari ni "breathtaking". Hoteli ambayo lami haijaifikia iko "off the beaten track", na mji ambao mgeni hakuutarajia ni "hidden gem", kito kilichofichika. Wanafunzi huyakariri kwa kuwa ndivyo wenye lugha wanavyosema, na mtihani unayataka hivyo hivyo.

Kwa mwanafunzi sina neno. Kila lugha ina maneno yanayoandamana. Kwetu giza huwa totoro, usiku huwa wa manane na jua la mchana huwa la utosi. J.R. Firth, mwanaisimu wa Kiingereza aliyefundisha London hadi miaka ya 1950, ndiye aliyesisitiza kuwa ukitaka kulijua neno, tazama linakaa na maneno gani. Lakini maneno haya ya mahali pa mbali yana jambo ambalo giza totoro halina: ndani yake amesimama mtu. Mtu huyo yuko London, au New York, anatazama huku. Huwezi kusema "remote" bila kuwa na pa kuanzia kupima, na pa kuanzia hapatajwi kamwe. Mwenyeji anayelitumia kueleza kwao amekubali, bila kuulizwa, kuhama na kwenda kusimama kule ili ajitazame kwa mbali. Hilo ndilo linaloniuma, na ndilo ninalotaka tulitazame leo.

Tuanze na kijiji cha wavuvi. Katika Kiingereza cha vipeperushi, kijiji cha wavuvi karibu kila mara ni "sleepy", kimesinzia. Mgeni huingia saa 4 asubuhi, akakuta mitumbwi imepandishwa mchangani na wanaume wamelala kivulini, naye akaandika alichokiona. Hakuona kwamba wanaume wale wametoka majini alfajiri. Uvuvi wa dagaa ni kazi ya usiku, tena usiku wa giza. Mwezi ukiwa haupo, taa huwashwa juu ya maji, zamani karabai za mafuta ya taa, siku hizi taa za betri na za sola. Dagaa hufuata mwanga na wavu huwazunguka. Kukipambazuka mzigo unashushwa, na sehemu nyingi za pwani hapo huingia zamu ya wanawake na vijana: kuni, masufuria makubwa ya maji ya chumvi, dagaa wachemshwe kidogo kisha waanikwe kabla jua halijapanda sana. Saa 4 kinachobaki ni usingizi wa watu waliokesha. Mbalamwezi ikitawala, uvuvi husimama siku kadhaa, nyavu zikashonwa, mashua zikazibwa, madeni yakadaiwa. Dagaa hao hujazwa kwenye magunia, na wengi huishia Kongo. Wachuuzi wa pwani wanaijua bei ya gunia kule kwa simu, wakiwa wamekaa palepale mgeni alipoona usingizi.

Neno zito kuliko yote, hata hivyo, ni "remote", na mahali pazuri pa kulipimia ni Mafia.

Matangazo ya Kiingereza hukiita kisiwa hiki pepo ya mbali. Kutoka Dar es Salaam ndege ndogo hutumia kama nusu saa. Mwenye nauli ya basi huondokea Mbagala, akashuka Nyamisati kwenye delta ya Rufiji, na kutoka hapo ni kivuko au boti hadi Kilindoni, saa kadhaa za maji kutegemea chombo na bahari ilivyoamka. Safari hiyo ina adha. Mama mjamzito anayehitaji hospitali kubwa usiku wa kusi hahitaji mtu wa kumfundisha maana ya umbali. Lakini umbali wake una lugha yake: nauli ni kiasi gani, chombo kipo au hakipo, maji yamejaa au yametoka, mwenye boti anakubali kuvuka saa hii au hakubali. "Remote" haisemi hata moja kati ya hayo. Inamwahidi tu msomaji wa Ulaya kwamba huko atakuwa peke yake.

Peke yake hawezi kuwa. Ukishuka Utende wakati wa bamvua, maji yakiwa yamekwenda mbali, utaona wanawake na wanaume wametapakaa mwambani na vijiti mkononi, wakitafuta mashimo ya pweza. Anayelijua shimo la pweza hulisoma kwa maganda ya kombe na kokoto zilizolundikana mlangoni. Maji yakirudi nao hurudi, na pweza hupimwa kwa mnunuzi siku hiyo hiyo. Ng'ambo, kwenye kisiwa kidogo cha Chole, majahazi hujengwa kwa mkono chini ya miti, karibu na magofu ya mji ambao Wajerumani waliufanya makao yao kabla ya kuhamia Kilindoni mwaka 1913. Kwenye kisiwa cha Juani kuna magofu ya Kua, misikiti na nyumba za mawe. Upande wa magharibi, Ras Kisimani, bahari imeshakula sehemu ya mji mwingine wa kale zaidi. Hivi ndivyo inavyokuwa mahali palipo njiani: Mafia ilikuwa kati ya Kilwa na Unguja, na vyombo vya Ngazija viliifahamu. Waingereza wenyewe waliiona iko karibu ya kutosha mnamo Januari 1915, walipoiteka ili wapate pa kurushia ndege za kuitafuta manowari ya Kijerumani Königsberg iliyojificha Rufiji. Julai mwaka huo ikaangamizwa. Na tangu mwaka 1995 maji ya huku ni hifadhi ya bahari, ya kwanza Tanzania, yenye mipaka, kanuni na doria. Ufukwe wenye mjadala mkali kuhusu nani avue wapi na kwa nyavu za matundu gani, huo umeguswa sana.

Kuna miji ambayo Kiingereza kimeifanya yenyewe kuwa kipimo cha umbali. Maarufu kuliko yote ni Timbuktu. Mzazi wa Kiingereza akitaka kusema mwisho wa dunia husema Timbuktu, na watoto wengi wanaolisikia jina hilo hukua wakidhani ni mahali pa kubuni. Nitakaa hapa kidogo, maana kisa chenyewe kinaonyesha jinsi mji unavyoweza kugeuzwa kuwa usemi.

Timbuktu iko Mali, kaskazini kidogo ya mkunjo wa mto Niger, pale mto unapoukaribia zaidi Sahara. Ilianza takribani miaka 900 iliyopita kama kambi ya Watuareg, ikawa mji kwa sababu ya mahali ilipo: bidhaa za kusini zilifika kwa mitumbwi, za kaskazini kwa ngamia. Mabamba ya chumvi yalitoka machimbo ya jangwani, kwanza Taghaza kisha Taoudenni, na dhahabu ilitoka kusini. Mansa Musa, mfalme wa dola ya Mali, alipopita Cairo akienda hija mwaka 1324, alitoa dhahabu nyingi kiasi kwamba habari zake zilifika Ulaya, na mwaka 1375 akachorwa kwenye ramani maarufu ya Kikatalani ameshika tonge la dhahabu. Halafu kikaja kitabu cha msafiri Leo Africanus, kilichochapwa kwa Kiitaliano mwaka 1550 na kwa Kiingereza mwaka 1600, kikieleza mji wa mfalme tajiri, wanazuoni na soko la vitabu.

Biashara ya vitabu ndiyo ya kushangaza zaidi, nayo ndiyo usemi wa Kiingereza ulioisahau. Ahmed Baba, mwanachuoni wa Timbuktu aliyezaliwa mwaka 1556, alikamatwa baada ya jeshi la Morocco kuuvamia mji mwaka 1591 na akapelekwa Marrakesh. Imehifadhiwa kauli yake kwamba aliporwa vitabu 1,600, na kwamba maktaba yake ilikuwa ndogo ukilinganisha na za jamaa zake. Mtu wa Siyu au Pate, ambako misahafu ilinakiliwa kwa mkono na tendi kuandikwa kwa herufi za Kiarabu, angeuelewa mji kama huo mara moja. Asingehitaji kuambiwa ni ajabu.

London ilianza kuutamani mji huu wakati fahari yake imeshapungua. Mwaka 1788 mabwana kadhaa waliunda chama cha kuchunguza bara la Afrika, na Niger na Timbuktu vikawa juu ya orodha yao. Mungo Park aliufuata mto mara mbili na akafia Bussa mwaka 1806. Alexander Gordon Laing alifika Timbuktu Agosti 1826, akauawa muda mfupi baada ya kuondoka. Mfaransa René Caillié aliingia Aprili 1828 akiwa amevaa na kujitambulisha kama Mwislamu, akakuta nyumba za udongo badala ya dhahabu, akarudi kupitia Sahara na msafara wa biashara, akapewa zawadi ya faranga 10,000 iliyowekwa na chama cha jiografia cha Paris. Mwaka uliofuata kijana Alfred Tennyson alishinda medali ya ushairi Cambridge kwa shairi kuhusu Timbuktu. Hakuwahi kufika. Hakuhitaji kufika, kwa kuwa kufikia hapo jina lilikuwa limekwisha kuachana na mji.

Tazama msafara uliomrudisha Caillié. Kwa wafanyabiashara wale Timbuktu ilikuwa kituo cha kazi. Walijua visima viko wapi na kutoka kimoja hadi kingine ni siku ngapi. Ulaya ilihesabu wafu wake ikasema mji haufikiki, hali watu walikuwa wakiingia na kutoka na chumvi zao kila msimu. Mwaka 2012, wapiganaji walipouteka mji na kubomoa makaburi ya mawalii, wenyeji walitoa kwa siri mamia ya maelfu ya hati za kale, nyingi ndani ya masanduku ya bati, kwa magari na kwa mitumbwi hadi Bamako. Mwaka 2016 Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu ilimhukumu Ahmad al-Faqi al-Mahdi kifungo cha miaka 9 kwa uharibifu ule. Hata wiki ile ya hukumu, wapo waandishi wa Kiingereza waliokumbusha kwanza kuwa jina la mji lina maana ya mbali, ndipo wakaeleza kilichobomolewa.

Mifano mingine niipitie haraka. Wamarekani husema "the boondocks" wakimaanisha porini kusiko na kitu. Neno hilo lilichukuliwa Ufilipino na askari wao waliopigana huko kuanzia mwaka 1899, kutoka "bundok", ambalo kwa Kitagalogi ni mlima, mlima wenye watu na mashamba. "Outer Mongolia" ilikuwa sehemu ya mgawanyo wa utawala wa wafalme wa Qing wa China, nje kwa kipimo cha Beijing, na Waingereza wakaigeuza kuwa kwingine kusikofikika. Wala hawakuwatendea wageni peke yao. Visiwa vya St Kilda, magharibi mwa Scotland, viliitwa ukingo wa dunia na watalii wa karne ya 19 waliokwenda kwa meli za mvuke kuwatazama wakazi wake. Watu 36 wa mwisho waliondolewa tarehe 29 Agosti 1930 kwa ombi lao wenyewe, baada ya magonjwa na upungufu wa nguvukazi. Kuitwa ukingo wa dunia hakukuwa kumewaletea muuguzi wa kutosha wala meli ya uhakika ya barua.

Hapa ndipo maneno yanapoacha kuwa mapambo. Henry Morton Stanley alichapisha mwaka 1878 kitabu kilicholiita bara zima la giza, na mwaka 1890 akatoa kingine kilichozidisha giza hilo. Mwaka huo huo William Booth, mwanzilishi wa Jeshi la Wokovu, aliazima maneno yale na kuyabandika kwa maskini wa Uingereza katika jina la kitabu chake mwenyewe. Giza lilikuwa limeshikamana na Afrika kwa nguvu kiasi kwamba likaweza kusafirishwa kwenda mitaa ya London, na msomaji akaelewa papo hapo. Wakati huo njia aliyopita Stanley mwaka 1871 kwenda Ujiji kumtafuta Livingstone ilikuwa barabara kuu ya biashara. Wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walikuwa wameipita mwaka 1857 na 1858, wakiongozwa na watu kama Sidi Mubarak Bombay, juu ya nyayo za maelfu ya wapagazi wa Kinyamwezi. Ujiji lilikuwa soko. Aliyekuwa gizani ni mgeni.

Na baada ya "giza" likaja neno "tupu". Australia kwa zaidi ya karne 2 ilitawaliwa kana kwamba Waingereza waliikuta haina mwenyewe. Hilo lilivunjwa mahakamani tarehe 3 Juni 1992 katika kesi iliyofunguliwa na Eddie Mabo na wenzake wa kisiwa cha Mer. Ushahidi wao haukuwa hotuba. Ulikuwa mashamba ya bustani: mpaka wa fulani unaishia mti huu, baba alimwachia mwanawe kuanzia jiwe lile. Mabo alifariki Januari mwaka huo na hakuisikia hukumu.

Kwetu mfano ulio karibu ni Serengeti. Kiingereza huiita "untouched wilderness", nyika ambayo haijaguswa. Ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1951 ikiwa na Wamasai ndani na ng'ombe wao, na mwaka 1959 wakatolewa, Ngorongoro ikitengwa pembeni kwa utaratibu mwingine ambamo watu wangeendelea kuishi. Mwaka huo huo Bernhard Grzimek alitoa filamu iliyoifanya Serengeti ijulikane duniani na kupata tuzo ya Oscar. Leo ukipita Moru, katikati ya hifadhi, waongoza watalii watakuonyesha mwamba wenye ngao za Kimasai zilizochorwa kwa rangi nyekundu, nyeupe na nyeusi, na jiwe kubwa lenye vishimo vya kugongwa ambalo hulia kama kengele. Moto wa wafugaji ulikuwa sehemu ya maisha ya majani yale, na njia zao za maji zilijulikana kwa majina. Mtu anaweza kuitetea hifadhi kwa hoja nzuri. Mimi ni mmoja wa wanaoitetea, nataka nyumbu waendelee kuvuka Mara. Ila kuitetea kwa kusema haikuwahi kuguswa ni kuwatoa watu wale mara ya pili.

Marehemu Binyavanga Wainaina wa Kenya aliyasema haya mwaka 2005 katika insha yake ya Kiingereza kuhusu namna Afrika inavyoandikwa, na tangu hapo hakuna mwandishi wa safari anayeweza kudai hakuambiwa. Lakini Wainaina alikuwa akiwasema wao. Mimi nawasema wetu.

Sisi tumeyameza. Chukua "Mashariki ya Kati". Usemi huu ulienezwa mwaka 1902 na Alfred Thayer Mahan, mwanamaji wa Marekani aliyekuwa akifikiria njia ya Uingereza kwenda India. Ukiwa London, nchi zile ziko mashariki kweli. Fungua ramani ukiwa Dar es Salaam, kwenye nyuzi 39 za longitudo ya mashariki. Jerusalem iko kwenye nyuzi 35, Beirut vilevile 35, Damascus 36. Zote ziko kaskazini yetu, zikiegemea magharibi kidogo. Nahodha wa Pemba wa karne ya 18 asingekosea hivyo: Manga na Shihiri za Uarabuni zilikuwa kunakotoka kaskazi, vyombo vikashuka na upepo huo kuanzia Desemba, vikapanda tena na kusi. Umbali wa Muscat ulikuwa msimu mmoja wa upepo, na kila mtu wa pwani aliujua. Leo taarifa ya habari ya Kiswahili inasoma mashariki na hakuna anayegeuza shingo.

Ndani ya nchi tunafanya vivyo hivyo. Serikalini na magazetini kuna "mikoa ya pembezoni", na Kigoma ni "mwisho wa reli". Reli ya kati ilifika pale mwaka 1914, na kwa aliyepanda Dar es Salaam ni kweli behewa halina pa kwenda zaidi. Lakini Kigoma ni bandari. Meli ya Liemba, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande na kuungwa upya Kigoma, ilipakia kutoka hapo watu, mahindi na dagaa hadi Mpulungu, Zambia, na maboti huvuka kwenda Kalemie, Uvira na Bujumbura. Mfanyabiashara wa Kigoma amekaa katikati ya nchi 4. Pembezoni ni neno la mtu wa Dar es Salaam.

Kenya hali ilikuwa nzito zaidi kwa sababu neno liliingia kwenye sheria. Mwaka 1902 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya wilaya za nje, na kwa miongo mingi kaskazini ilifungwa: kuingia na kutoka kulihitaji kibali. Matokeo yake yanasikika hadi leo kwa wazee wa Marsabit, Moyale na Turkana. Mtu akisafiri kwenda Nairobi husema anakwenda Kenya, na akirudi huulizwa Kenya wanasemaje. Nausikia usemi huo kama malalamiko ya haki, na pia kama kipimo sahihi: wao wako nyumbani, na Kenya ndiyo iliyokaa mbali nao. Katiba ya mwaka 2010 iliunda mfuko wa kusawazisha maendeleo ya maeneo hayo, na lami sasa inafika Moyale.

Waswahili waliowahi kuandika safari walifanyaje? Tunayo mifano, na inastahili kusomwa zaidi ya inavyosomwa. Mwaka 1901 Carl Velten, Mjerumani aliyefundisha Kiswahili Berlin, alichapisha kitabu Safari za Wasuaheli. Ndani yake yumo Sleman bin Mwinyi Chande na safari yake ya biashara ya bara, Mtoro bin Mwinyi Bakari na safari ya Udoe na Uzigua, na Salim bin Abakari, aliyefuatana na Mjerumani Bumiller hadi Urusi na Siberia mwaka 1896. Hawa si watakatifu. Misafara ya bara ilibeba pembe na watu waliotiwa utumwani, na wasimulizi wana dharau zao kwa watu wa ndani. Hata hivyo usimulizi wenyewe umejengwa kwa mambo: kambi hii hadi kambi ile, jumbe wa mahali na hongo aliyotaka, maji yalipatikana au hayakupatikana, chakula kilinunuliwa kwa nguo kiasi gani. Siberia ya Salim ni nchi yenye miji, mito na watu wanaokula kitu fulani na kusali kwa namna fulani. Mtu aliyetoka pwani ya joto angeweza kusamehewa kuiita mwisho wa dunia, na theluji ingempa kila sababu, lakini yeye aliwatazama watu.

Lyndon Harries alivitia baadhi ya visa hivyo kwenye kitabu chake cha nathari ya Kiswahili kilichochapwa na Oxford mwaka 1965, pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Ningependa vyuo vinavyofundisha waongoza watalii Arusha na Moshi viviweke mbele ya wanafunzi wiki ile ile wanapokariri "breathtaking".

Kwa vyumba vya habari nina ombi la kazi kabisa. Tangu Oktoba 2017, mashambulizi ya wapiganaji yalipoanzia Mocímboa da Praia, mashirika ya nje yamekuwa yakiita Cabo Delgado jimbo la mbali la kaskazini mwa Msumbiji, na sisi tumekuwa tukitafsiri hivyo hivyo. Mbali na Maputo, ndiyo, tena sana. Palma iko jirani na Mtwara, ukivuka Ruvuma. Wamakonde wako kingo zote mbili. Kimwani kinachosemwa pwani ile Mswahili akikisikiliza kwa makini atashika mengi. Palma iliposhambuliwa Machi 2021, wapo waliokimbilia upande wa Tanzania, na Mtwara kulikuwa na watu waliokuwa wakipiga simu za ndugu zao usiku kucha. Redio yao kwa lugha yao wenyewe ikawaambia kwamba jambo limetokea mbali. Mhariri anayefuta neno hilo na kuandika "mji wa Palma, ng'ambo ya Ruvuma, kusini mwa Mtwara" hajapoteza nafasi ya hata mstari mmoja, na msomaji amejua habari iko wapi na ni ya akina nani.